Figo ya Kulia ya Garnet Prokopchuk

Umetimia mwaka, Garnet, tangu wale washenzi watatu wakuangushe kwenye theluji nje ya baa, wakakupiga mateke hata ulipokwisha kunyamaza. Siwaombei msamaha. Hata wewe usingewaombea.

Kazi yako katika timu ya magongo ya barafuni ilikuwa moja tu: anayemchezea rafu mwenzako, unavua glavu unamtandika. Ulirudi nyumbani na jino kiganjani, ukicheka, "Mama, hili si langu!" Asubuhi yake ulikwenda kumzolea bibi Halya theluji mlangoni, na hukungoja ahsante.

Ubongo wako ulipokufa, mashine ikikupumulisha, Baba aliridhia utoe figo. Nesi Colleen akakaa nasi kuuliza habari zako: pombe, jela, sindano. Baba, kwa kuwa marehemu hasemwi vibaya, akajibu, "Mwanangu hakugusa hata bia."

"Baba, acha!" nikamfokea. "Hapa si mazishini. Ukificha, utamuua mgonjwa wa watu!"

"Unamchafua ndugu yako angali ana joto?"

"Naiokoa figo yake!"

Akanizaba kofi, palepale mbele ya nesi. Nikasema yote: bia, jela ya mji wa Regina, dawa ulizojidunga kutunisha misuli. Colleen akasema hayo peke yake hayakatazi, ila lazima wajue wapime nini. Kilichomtia wasiwasi ni damu yako. Nyama zilizopondwa na mateke zilimwaga sumu, figo zikalemewa.

Ulipopelekwa chumba cha upasuaji, madaktari, manesi na wafagizi walijipanga ukutani kimya, kama wafanyavyo kumuaga kila anayetoa kiungo. Tukangoja. Figo ya kushoto ilikuwa imepasuliwa na buti, haikufaa. Ya kulia walikata kipande kidogo cha nyama wakakitazama kwa hadubini.

Baba alikunja ngumi, tayari kumvaa atakayeikataa. Colleen akatoka. "Ni nzima. Imepata mtu."

Baba akanishika shavu alilolipiga, akalia kwa kwikwi. "Hawakummaliza," alisema. "Mbwa wale hawakummaliza."

Unakumbukwa na baba yako Metro, mama yako Olga, bibi yako Halya, na mimi dada yako Lesia. Hatutakusahau tungali hai. Na leo, mahali tusipopajua, kuna mtu ambaye figo zake zilipokufa alipimiwa maji kwa kikombe; sasa anakunywa hadi kiu imwishe, kisha anakwenda kukojoa kama watu wengine.