Karatasi Nyeupe za Riruta

Jumatatu, 9 Februari 1987
Karatasi nyeupe pe! Tena! Hesabu yangu inasema gesi za petroli, thina ya rangi na mikaratusi zikipikwa na jua zinageuka chembe ndogo hewani. Kufika jioni, karatasi ya mashine yangu ya kuvuta hewa huko Riruta ingekuwa kahawia. Nimerudia kwa kompyuta ya chuo — jibu ni lile lile. Basi kuna mkono wa mtu.

Jumatano, 11 Februari
Jeconia. Nani mwingine? Skolashipu ni moja, tunaitaka sote, na ni yeye tu wa chuo anajua mashine iko kwa ploti ya Mama Waceke, mjane anayeniwekea. Leo kaniuliza, kwa upole, kama karatasi bado zinanisumbua. Huo upole siuamini hata kidogo.

Alhamisi, 12 Februari
Mama Waceke ameapa hakuna mtu anachezea mashine, anaichunga mwenyewe. Kanipa chai na ngwaci, viazi vitamu vya kwao. Mzee wa watu — Jeconia akitaka kumzunguka, atajua aje?

Ijumaa, 13 Februari
Nyeupe! Nimeenda kwa profesa, nimetaja jina. Jeconia ameondolewa kwa mradi. Jumatatu asubuhi aje ajieleze. Tumepitana kwa korido. Akome!

Jumapili, 15 Februari
Nimeenda Riruta mchana, jua kali, nimvizie mwizi wangu. Meza ya nje tupu! Mashine hakuna!

Nikaanza kupiga kelele. Mama Waceke, ametoka tu kanisani, akanishika mkono akaniingiza sebuleni. Madirisha yamefungwa. Mashine iko juu ya kabati, karibu na picha ya marehemu mumewe, inanguruma chini ya vitambaa viwili vya kufuma. Kumbe kila siku jua likipanda anaiingiza ndani. Jioni, kabla sijafika, anairudisha.

“Kitu ya mgeni haiachwi kwa vumbi, Ogola. Watu watanionaje?”

Nikasema asante, mama. Sikuwahi kumwambia mashine ni ya kushika vumbi. Niliona hana haja ya kujua.

Tukairudisha nje. Jioni karatasi ilikuwa kahawia, vile hesabu ilisema. Nilikuwa sahihi! Nimecheka peke yangu njia nzima hadi hapa chumbani kwangu Kianda, halafu nikamkumbuka Jeconia, nikaacha.

Na sasa ndiye huyo anabisha mlango. Anasema hakuja kugombana. Anataka tu nimwonyeshe karatasi moja, aone anashtakiwa nini.

Ya leo, ile ya kahawia, iko hapa mezani. Nimeifunika na gazeti. Nimemwambia angoje, navaa shati.