Nyasi za Goli la Minjila

Shule ya Minjila,
Garsen.

Mpendwa kaka Nicholas,

Pokea salamu zangu na za wote wa nyumbani Hewani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua kwa kubeba yale mazulia ya nyasi za plastiki. Sisi hatujambo. Baba kikohozi kimemwachia, na mama amesharudi shambani kupanda migomba palepale mafuriko yalipoing'oa, maana huyo hashindwi na mto.

Najua unangoja jibu la kamati ya shule kuhusu kuutandika uwanja wetu wote nyasi zenu. Najua pia kampuni yenu imekuahidi cheo cha usimamizi iwapo kazi hii itapatikana, na umeusubiri miaka mingi. Jibu lipo, ila nivumilie kwanza nikueleze niliyoyaona.

Kile kipande cha nyasi za plastiki ulichotutandikia golini kwa majaribio kilitushangaza sote. Kiangazi kilipokaza, uwanja mzima ulikuwa vumbi tupu, lakini goli lile likabaki kijani bila mtu kulimwagia hata kikombe cha maji. Wasichana wangu wa timu waligombania kudaka. Nilikutetea kwa kila mtu: hapa ambapo mama zetu wanabishana na mamba kwa ajili ya mtungi mmoja, nani angeupa uwanja maji? Hilo bado nasema ni kweli. Ila adhuhuri hapakanyagiki, na waliojaribu peku walitoka wakirukaruka.

Kisha wakaja ng'ombe. Mama mmoja Muorma, jina lake Abdia, alikuwa akiwaswaga kutoka upande wa Bangale, ambako malisho yalikuwa yamekwisha kabisa. Waliliona goli letu kwa mbali wakaacha njia. Wa kwanza akainamisha kichwa, akalamba, akainua macho akanitazama. Wa pili akafanya vivyo hivyo, na wa tatu, kila mmoja akitaka kuhakikisha mwenyewe. Kaka, hakuna aliyecheka. Abdia aliniuliza mkeka mzuri vile tumewatandikia wageni gani. Niliona haya.

Mvua zilipokuja mto ulipanda, uwanja ukazama, nasi tukahamia kando ya barabara kuu kwa wiki kadhaa. Maji yalipopungua, kipande chako hakikuwepo. Tulikikuta kimejiviringisha kwenye miiba ya vichaka vya mathenge, na nyuzi zake zimetapakaa mashambani kwenye mpunga. Mama aliziokota mpaka akachoka, akasema hizi hazitaoza hata yeye akishaoza.

Kwingine kote kulikuwa tope. Nilikuwa nimeshaiambia kamati kwamba nyasi zetu zimekufa. Asubuhi moja niliingia uwanjani kutafuta vigingi vya kona, nikaona kijani chembamba kinachomoza kila mahali, mpaka ukingoni. Nilipiga magoti. Jua lilikuwa limezichoma, tumezikanyaga, maji yamezilalia wiki zote zile, na hakuna mtu aliyezipanda. Nilisali hata sijui nilikuwa naomba nini. Sasa zinafika kwenye vifundo vya miguu. Ng'ombe wa Abdia hula asubuhi, wasichana hucheza jioni, wakiteleza kwenye samadi na kuchekana.

Sasa lile jibu. Kamati ilipopiga kura, waliotaka plastiki na wasioitaka walitoshana. Mwenyekiti akasema mwalimu wa michezo ndiye aamue, na mwalimu huyo ni mimi. Nimeukataa uwanja wako, kaka. Nilijua nakukosesha usimamizi, na nikasema hapana. Sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine.

Ukinikasirikia una haki, na roho inaniuma tangu siku ile. Lakini njoo. Vua viatu, usimame katikati ya uwanja, unyamaze kidogo. Ukishamaliza, nigombeze utakavyo.

Nisalimie wifi Alice na watoto, uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Baba anakusalimu. Mama naye anakusalimu sana. Hajui bado kwamba ni mimi. Anadhani ni mtu fulani wa kamati aliyekunyima kazi hii, na kila anapopiga magoti kukuombea, anamwomba Mungu amsamehe mtu yule.

Ni mimi dada yako,
Christabel