Meno Kumi Bakulini

Dada Mwanahawa, shikamoo kutoka Lindi yenye joto la kuivisha muhogo.

Sijamsamehe yule mganga wa meno wa huko Kilwa aliyening'oa jino zima akaniachia bovu. Kwa hiyo leo nilimwambia dresa wa meno wa zahanati ya hapa, "Haya kumi uliyoyang'oa, yaliyomo bakulini, tuyapime kwanza, kabla hujanigusa."

"Wewe mgonjwa au hakimu?" akacheka, ila akaleta nyundo.

Yote aliyang'oa kwa kuona weusi. Tukayachoma kwa sindano, ikinasa tunasema bovu, ikiteleza tunasema zima, kisha tukayapasua kuhakikisha. Sita yalikuwa yameoza, manne mazima; weusi wake ni tambuu tu! Sindano ilikosea moja. Bibi mmoja aliyekwisha kung'olewa, akingoja dawa, akadakia, "Kumbe langu mlinionea! Lirudisheni!"

Ilipofika zamu yangu, sindano iliteleza kwenye jino jeusi nililolishuku, ikanasa kwenye jirani yake jeupe. Nilisita, maana kosa moja katika kumi laweza kuniangukia mimi. Nikasema, "Ng'oa jeupe." Tulipolipasua, lilikuwa limeoza hadi mzizini.

Sasa nakunywa uji bila maumivu. Nawe mtafuna tambuu, usikubali kung'olewa kwa macho matupu. Mola akutunzie hilo tabasamu.

Nduguyo, Saidi