Wananiombea kwa Jina

Jumatatu, 10 Februari 2025

Picha bado iko. Uso wangu, mwili wa mtu mwingine, bila nguo. Calvince aliitengeneza kwa simu kwa sababu nilimkataa. Amewatumia wavulana wa darasa letu hapo chuoni. Wengi hapa mjini Voi hawajaiona — hilo ndilo tumaini langu lote. Nilidhani nitalia. Nimeosha vyombo tu. Sihisi kitu.

Jumanne, 11 Februari

Gari la kampeni limezunguka mjini tangu asubuhi, spika juu. Usalama mtandaoni! Chuoni tumegawiwa tisheti za kijani. Yangu inafika magotini. Bwana mmoja, Fanuel, alisema kosa si la aliye kwenye picha. Ati usinyamaze, mwambie mtu mzima unayemwamini. Calvince alikaa mstari wa mbele — na akapiga makofi! Hata hasira sikupata.

Jioni nikamwambia Mama. Alikuwa anachambua kunde, akaacha. Hakupiga kelele. Alisema anaujua mwili wa mtoto wake, hana haja ya kuiona hiyo takataka. Na kesho twende polisi. Nilitaka kumkumbatia. Mikono ikakataa.

Jumatano, 12 Februari

Polisi wameandika maelezo. Tungoje kupigiwa simu.

Tulipofika nyumbani nikamsikia Mama akiongea jikoni. Nikadhani anaongea na Baba kwa simu, yuko Mombasa na kazi ya reli. Kumbe anarekodi sauti, anatuma kwa grupu ya WhatsApp ya kina mama wa kanisa! Ati kuna picha ya uongo inazunguka, wakiiona wasiamini, wamwombee mtoto wake, Branice Khalayi Khaemba. Majina yote matatu. Nikamuuliza kwa nini ataje jina. Alishangaa kweli. Ati mtu huombewa kwa jina, kwani Mungu atajuaje ni mtoto wa nani?

Ananipenda, najua. Nimeingia kitandani na jua bado kali.

Alhamisi, 13 Februari

Simu ya Mama hainyamazi. Amina, amina, amina. Mumbe anayetuuzia maziwa alinishika mkono, akaniambia nijikaze. Juzi hakuwa anajua lolote. Kisha akauliza, polepole, ni picha ya aina gani hasa.

Jumamosi, 15 Februari

Chuo siendi tena, angalau kwa sasa. Mama anakanda chapati. Simu yake ikalia akiwa na unga hadi kwenye viwiko, akaniambia nimsomee ujumbe.

Ni Mama Kaloki, kiongozi wa maombi. Kwenye grupu, mbele ya wote. Ametuma picha yenyewe. Chini yake ameandika: Dada, tunaombea hii ama kuna ingine?

Nimekuja na simu yake chumbani. Watu wameanza kujibu. Mama ameita, ni nani huyo? Nimesema ni Mama Kaloki, ni mambo ya maombi. Akafurahi. Anataka nimsomee yote, neno kwa neno.

Nimesema ngoja.

Namsikia ananawa mikono.