Nilipoulizwa Nani Alichimba Kisima

Kwako mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mguu umepona na unafika shambani mwenyewe. Dada Kadzo akusomee polepole, asiruke mahali. Mimi ni mzima, ila mgongo unanisumbua na viganja vimekuwa vigumu kama kwato.

Bado niko huku Kutulo, tunawachimbia wafugaji kisima. Tulikuja vibarua wanne, wenyeji wote ni Wasomali. Maji tuliyapata mwezi uliopita kwa sururu na nyundo. Lakini nikwambie ukweli, mama. Zamu ilianza na ngamia, wakaja ng'ombe, wakaja mbuzi, na sisi tukachota mwisho, tope tupu. Mwenzangu Mutua aliharisha mpaka akapelekwa Garissa juu ya lori la mifugo. Mimi nami nilishafunga mzigo nije nyumbani, kazi ikiwa nusu.

Ndipo akaja mwalimu wa chuo kikuu, mwanamke, na fomu zake. Alisema anafanya utafiti: nani anafanya kazi gani, nani anasikilizwa kijijini, na kama kuna usawa. Tangu vyama vingi viruhusiwe naona hata watu kama sisi tunaulizwa. Akakaa na wazee kando ya kisima, akauliza, "Nani alichimba hapa?"

Wakajibu, "Sisi."

Akanigeukia mimi, vumbi limejaa mpaka kwenye kope. Nikasema, "Ni mimi na wenzangu."

Wazee wote wakanikazia macho. Sikujua kuwa kwa desturi yao, anayesema amechimba kisima anadai zamu ya maji, yake na ya wanawe. Msimamizi wetu akaninong'oneza, "Umejifukuza kazi." Mzee Abdi, mkubwa wa kisima, akaniita kwa neno lao la kumwita mwanamume.

"Warya, wewe nataka zamu?"

"Ndiyo, mzee." Nilikuwa nimechoka hata kuogopa.

"Ngamia yako ngapi?"

"Sina hata kuku."

Wakacheka, yeye akajifuta macho kwa kikoi. "Maskini hii. Kisima anayo, mbuzi hana." Kisha akaniambia nikae kati yao.

Walibishana kwa Kisomali muda mrefu. Mmoja mwenye ndevu za hina alikataa kabisa, kwamba kibarua akishalipwa basi yameisha. Mkalimani wa mwalimu akanieleza jibu la Mzee Abdi: mtu aliyeshuka shimo ambalo lingeweza kumfukia, hawezi kuambiwa asubiri mbuzi wanywe. Tukapewa zamu ya kwanza, madebe sita kila asubuhi. Mwalimu akaniuliza jina, nikamtajia herufi moja moja, akaandika.

Kesho yake nilikuta ngamia wameshafika, wanalia kwa kiu, na mbele yao yule mwenye ndevu. Nikataka kumpisha. Akanitia ndoo mkononi. "Chota. Mimi nasema hapana jana. Leo ni zamu yako." Akawazuia wanyama wake kwa fimbo mpaka debe la sita likajaa. Maji yalikuwa safi, mama. Nilikunywa nimesimama mbele yao wote.

Nawashukuru wazee hawa, na mwalimu, na Mungu zaidi. Mzigo nimeufungua. Nitabaki mpaka tumalize kujengea mawe.

Nisalimie baba mdogo, na mjomba fundi wa makuti, na majirani wanaokuchotea maji. Mke wangu Sidi anisamehe kwa kuyakosa mavuno haya pia. Watoto wakiuliza baba amepata nini huku, waambie amepata zamu.

Ni mimi mwanao,
Kazungu