Neno "Usanii" Limenirudishia Posa

Bi Fauzia, mshauri wetu mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Turffontein, hapa Johannesburg, na unistahimilie, kwa kuwa jambo langu linahitaji maelezo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimehitimu shahada ya uzamili katika historia ya sanaa, na chuo kimeniajiri kufundisha huku nikitafiti jinsi Uchina, Korea na Japani zilivyoazimana ufundi, namna buluu ya vyombo vya Kichina ilivyotoka Uajemi, na namna wafinyanzi wa Korea walivyowafikishia Wajapani ufundi wa kauri, kazi ambayo, kwa maoni yangu, hakuna mwenye akili timamu awezaye kuidharau. Juzi nilifuatana na mshenga wangu, Ami Naseeb, hadi mtaa wa La Rochelle, humu humu jijini, kumposa Mayasa, na baba yake, Mzee Burhani, alipouliza kazi yangu, nilimjibu kwa fahari, kabla mshenga hajafungua kinywa, kwamba nashughulika na usanii wa Wachina.

"Usanii?" akasema. "Mwanangu, wasanii wa Joburg hii wamenimaliza. Wa Kichina tena!"

Ami akanifinya paja: "Eish, Twalib, nyamaza!" Sikunyamaza. Nilimthibitishia mzee kwamba maana ya utapeli ni upotoshaji wa mitaani, nikamfafanulia mzizi wa neno tangu Kiarabu, mpaka adhana ya Magharibi ikanikatiza.

"Bado hujaniambia unauza nini," akasema.

Posa imerudi. Mayasa ananicheka kwenye simu, eti baba yake anaamini nauza simu feki, nami nampenda mno, lakini Ami ananishinikiza nikubali kazi ya ghala huko Midrand ili niwe na jibu fupi. Je, niiache taaluma yangu, au nimwandikie mzee ufafanuzi kamili?

Twalib

Twalib mwanangu,

Ufafanuzi mwingine? Hasha! Nimekucheka, kisha nikakuhurumia. Tulia: msichana anayekucheka na bado anapokea simu yako hajaenda popote.

Kazi usiiache. Ni ya halali, na mimi mwenyewe habari ya hiyo buluu sikuijua. Kilichokuponza ni ubishi. Kamusi iko upande wako, sikatai, lakini kamusi haina binti wa kuozesha.

Tena, nani alikutuma ujibu? Mshenga husema, mposaji hukaa kimya. Mrudishe Ami Naseeb peke yake baada ya swala ya Ijumaa, amwombe mzee radhi, kisha aseme haya tu: "Kijana wetu ni mwalimu wa chuo, anasomesha historia ya vyombo vya kale." Neno usanii lisitamkwe.

Ukiitwa, nenda. Mwamkie, mwite baba. Akikosea, mwache akosee. Na ukipewa chai, inywe, wala usikigeuze kikombe kutazama kimetengenezwa wapi.