Baba Mkwe Aliyeshika Waya

Kwako baba mkwe,

Leo nakuandikia moja kwa moja, bila mama kukaa katikati yetu. Najua ungekuwepo ungegeuza kiti ukanipa mgongo kwanza. Geuza tu, baba, nami nitaendelea kusema.

Kilichonisukuma kuandika ni kijana wa bodaboda wa Isongole. Wiki iliyopita alinibeba kunipandisha kwenu milimani, na njiani akanisimulia habari za mzee mmoja aliyewahi kuita gari la wagonjwa kwa kushika waya na kufumba macho. Nikamwuliza, na fundi alikuwa nani? Akasema hakukuwa na fundi, mzee alikuwa na kipawa. Nilimlipa nauli yake nikashuka. Lakini nimeona kabla hadithi haijanifuta kabisa, mimi na wewe tukumbushane ilivyokuwa.

Unakumbuka nilivyoingia kwenu. Ambokile alinioa nikitokea Mlowo, na shangazi zangu wakanionya kwamba kwenu Undali mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkononi, hawasemezani. Nikacheka. Nikasema hayo ni ya zamani, siku hizi watu wanasali pamoja na wana simu. Siku ya kwanza nafika, nilikukuta uani unakula hindi la kuchoma. Ulisimama, ukaingia kwenye migomba na hindi lako, na hukutoka mpaka mama aliponipeleka jikoni. Nikajua shangazi zangu hawakutania.

Tukaishi hivyo. Ulikuwa mpole kwangu, ila upole wako ulipitia kwa mama kama barua inavyopitia posta. Ulikuwa unakaa nyuma ya nyumba unasema kwa sauti ambayo hata majirani wanaisikia, "Mwambie huyo mwenzako nimemsikia anakohoa. Achemshe tangawizi." Nami nilikuwa nimesikia kila neno, lakini ilibidi nisubiri mama azunguke nyumba nzima, aingie jikoni, aseme, "Baba yako anasema unakohoa." Kisha nijibu, kisha azunguke tena. Mama alikuwa anapungua uzito kila tukija likizo.

Kazi yangu ulikuwa hujaielewa. Ambokile alikwambia nafanya kazi Tunduma kwenye mambo ya redio, nawe ukawaambia watu kanisani kwamba mkamwana wako anatangaza. Nilikuwa natengeneza redio za upepo, zile za kuitana, za malori na za walinzi wa maghala. Madereva kutoka ng'ambo ya Nakonde walikuwa wanakuja dukani, wananisalimia kwa lugha yao, "mulishani, mayo," yaani hujambo mama, halafu wanachungulia nyuma yangu kumtafuta fundi mwenyewe.

Sasa ikaja ile masika redio ya zahanati yenu ilipougua. Ilikuwa inasikia vizuri, ila yenyewe haisikiki. Nesi alikuwa anaita kituo cha afya mpaka anapaliwa, na huko wanasikia mkwaruzo tu. Simu nazo, unajua mwenyewe, ukisimama kwenye kile kilima zinakukaribisha Malawi. Nesi akapewa namba ya fundi wa Tunduma, akashuka hadi Isongole kunipigia. Hakujua mimi ni wa kwenu, nami sikujua kwamba mwenyekiti wa kamati ya zahanati, mwenye funguo na mwenye jukumu la kumpokea fundi, ni wewe.

Nakuona mpaka leo. Umevaa koti la Jumapili, umeweka kiti cha fundi na chupa ya chai. Bodaboda ikasimama, nikashuka na mkanda wa kupandia nguzo begani. Ulinitazama kwa muda wa kupepesa jicho, kisha ukageuka ukatembea moja kwa moja hadi ukuta wa zahanati ukakuzuia. Ukabaki hapo, uso kwenye ukuta, kama mtu anayesoma tangazo.

"Mwenyekiti, fundi huyu hapa," nesi akakwambia.

"Nimemwona," ukasema. "Kamwite mke wangu."

Mama alikuwa ndani tayari. Sekela, kitindamimba wenu, alikuwa ameletwa asubuhi ile na uchungu wa kwanza. Kwa hiyo ulikuwa umebanwa kotekote, baba. Kuondoka huwezi kwa sababu ya binti, kukaa huwezi kwa sababu yangu.

Nikavuta ncha ya waya wa antena kupitia dirishani nikaichomeka kwenye kipima antena changu, kile kidude cha kushika mkononi chenye kioo na namba. Wagonjwa waliokaa kwenye benchi wakasogea. Mama akaitwa nje, nikamweleza ili akueleze: kama antena ni nzima, namba itakaribia moja, maana yake nguvu ya redio inapanda yote na kutoka. Namba ikiwa kubwa, nguvu inagonga na kurudi ilikotoka.

Mama akakugeukia. "Anasema nguzo ina presha."

Nikasema si presha, mama, ni nguvu inayorudi. Lakini neno lilishatua kwenye benchi. Bibi mmoja mwenye shuka la bluu akanyoosha mkono nimpime na yeye. Kioo kilisema tano na kitu. Bibi akauliza tano ni mbaya, nikasema ni mbaya sana, na akaenda kukaa chini polepole akijishika kifua. Nilitumia muda kumwelewesha kwamba ni ya antena.

Ilibidi nipande nguzo ya antena kukagua kule juu, na mtu abaki chini kunisomea namba. Nesi alikuwa na Sekela. Mama hakuwa na miwani. Nikasikia sauti yako kutoka ukutani. "Mwambie fundi nilikuwa karani wa mizani ya kahawa. Namba nasoma."

Ukakaa kwenye kile kiti cha fundi, mgongo kwa nguzo, kipimo umekiweka kwenye stuli mbele yako. Mimi juu, wewe chini, na mama katikati kama refa.

"Inasema tano nukta tatu," ukasema.

"Anasema tano nukta tatu," mama akasema.

"Nimesikia, mama."

"Subiri nikwambie ndiyo usikie."

Nikakaza nati, nikafuta kutu, nikaondoa kiota cha nyigu kwenye kile kikombe cha kigae kinachoshikilia antena na kuumwa sikio. Ghafla ukasema, "Moja nukta mbili." Sijawahi kupenda namba kama ile. Nikajua shida ilikuwa kiota cha nyigu. Nikashuka mbio kuja kuona kwa macho yangu, nikakuta kiti kitupu, kipimo kwenye stuli, na kioo kinasema tano nukta nne.

Nikapanda tena. Nikagusa hiki na kile, na baada ya muda ukasema moja nukta mbili. Nikashuka, tano. Mara ya tatu nilipofika chini nilikaa kwenye majani nikashika kichwa, sikio limevimba, nikawaza kurudi Mlowo nikalime kahawa.

Ni yule bibi wa shuka la bluu aliyesema, kwa utulivu kabisa, "Mashine inamtaka mzee. Akiishika inatulia. Akikimbia inapanda."

Na ndivyo ilivyokuwa. Macho yako yalishaanza kufifia, kwa hiyo kila nikiwa juu ulikuwa unakiinua kipimo pamoja na waya wake ukivileta karibu na uso. Na kila nikianza kushuka, kwa heshima yako kwangu, ulikuwa unaviweka chini na kutoweka. Ningekuwa fundi asiye mkamwana wako, tungemaliza mapema.

Tukajaribu. Ukashika, moja nukta mbili. Ukaachia, tano. Benchi lote likaguna. Ukakohoa kidogo, ukaweka koti sawa, ukasema na ukuta, "Inaelekea tunaelewana."

Mimi nilishaelewa. Ulikuwa hushiki kipimo tu, ulikuwa unabana na konekta, ile ncha ya chuma mwishoni mwa waya. Ndani yake nyuzi za nje za waya zilikuwa zimeachia, na kidole chako kikizibana zinagusana. Dawa yake ni kukata ncha, kuvua ganda na kuchomelea upya kwa risasi. Nilikuwa nimeshaagiza jiko la mkaa ili nipashe chuma cha kuchomelea, pale nesi alipotoka na uso ambao haukuwa na mzaha.

"Mtoto amekaa vibaya," akasema. "Siwezi hapa. Nataka gari sasa hivi."

Mama alianza kulia kimyakimya. Nawe niliona mgongo wako ukishuka kama mtu aliyetua mzigo vibaya. Mkaa ulikuwa haujashika hata moto.

Nikachomoa kipimo, maana redio ikirusha nguvu kikiwa kwenye waya kinaungua, nikarudisha waya ndani na kuuchomeka kwenye redio. Redio ilikuwa kwenye chumba cha nesi, chumba kisichotosha mbuzi wawili, ukuta mmoja na alikolala Sekela. Nikamwambia mama, baba aje ashike waya.

Mama akafuta machozi, akanitazama. "Aje humu? Na wewe umo? Na binti yake analia hapo?"

"Mama, bila mkono wake hatusikiki."

Heshima ya mama ilikuwa kubwa, lakini akili yake ilikuwa ya haraka zaidi. Alifungua kitenge chake cha juu, akamwita bibi wa shuka la bluu, wakakishika huku na huku kikawa pazia katikati ya chumba. Wewe ukaingizwa upande wa pili ukitembea kinyumenyume. Nilichokiona ni mkono tu, umepita chini ya kitenge, unapapasa hewani. Mkono wenye makovu ya kamba za magunia. Nikauchukua, baba. Nikauweka kwenye konekta, nikakunja vidole vyako kimoja kimoja. Mama akafumba macho ili asiwe shahidi.

Nikabonyeza kitufe. "Kituo cha afya, hapa zahanati, mnanisikia?"

Mkwaruzo.

Kumpitishia mama ujumbe, yeye akwambie, wewe umjibu, hakukuwa na nafasi hiyo. Nikasema mwenyewe, "Baba, bana zaidi. Usiachie."

Kitenge nusura kiwaponyoke mama na bibi.

"Siachii, mama," ukanijibu mimi mwenyewe.

Nikaita tena. Na safari hii ikaja sauti ya mwanamume, safi kana kwamba amesimama mlangoni. "Zahanati, tunawasikia vizuri. Semeni shida."

Nesi akapokea kipaza sauti, akasema shida. Gari likaondoka kituoni. Uliendelea kushika hata baada ya mazungumzo kuisha, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kukuambia uachie. Tulipotoka wote nje kulisubiri gari, mama alirudi kuchukua kitenge chake akakukuta bado umesimama, macho umefumba, jasho linakutoka. Hapo nadhani ndipo alipotoka yule mzee wa kipawa.

Sekela alijifungua salama kwenye kituo, mtoto wa kike mwenye sauti ya kusikika bila redio. Nami nikabaki na jiko langu la mkaa, nikachomelea ile ncha. Namba ikakaa moja nukta mbili bila kushikwa na mtu. Tulipofika nyumbani nikamwambia mama akueleze kwamba ni nyuzi zilizoachia, na mkono wako ulikuwa unazibana tu.

Mama akakwenda nyuma ya nyumba. Nikamsikia. "Anasema mkono wako ndio ulioponya."

Nikafungua mdomo nirekebishe, halafu nikasikia ukicheka. Kwa miaka yote sikuwahi kukusikia ukicheka. Nikaufunga.

Baada ya hapo tulirudi kwenye desturi yetu. Uliendelea kunigeuzia kiti, nami niliendelea kupita nyuma ya nyumba. Lakini Ambokile aliniambia kwamba kanisani ulisimama ukasahihisha habari zako za mwanzo. Ulisema mkamwana wako hatangazi, ni fundi, na anayebisha aje akuulize wewe uliyesoma namba zake.

Ile safari ya wiki iliyopita nilikuwa napanda kukagua antena, mara ya kwanza tangu tukuzike. Mwenyekiti mpya ni kijana, mchangamfu, alinipa mkono na kunitazama usoni muda wote. Nikamwambia antena ni nzima, akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia ninao. Akauliza kama kuna fundi mwingine Tunduma wa kuthibitisha. Nilimwonyesha kioo, akakitazama, akanitazama, akasema atauliza.

Nikakaa kwenye benchi kunywa chai, na hapo ndipo nilipokulilia, baba, kwa sababu msibani sikuweza. Huko Tunduma kutwa nzima watu wananitazama usoni na hawanioni. Wewe hukuwahi kunitazama hata mara moja zaidi ya ile ya bodaboda. Ulikaa umenipa mgongo, nikiwa juu ya nguzo na nyigu sikioni, ukanisomea kila namba jinsi ilivyo, na hukuniuliza hata mara moja kama ninajua ninachokifanya.

Lala salama, baba. Mama anakusalimu. Amenenepa.

Ni mimi,
mkamwana wako, fundi.